Hakulia au Hajalia

Nimeombwa niandike. Mwanzoni nilikuwa nimeweka "niliombwa", nikakata, kwa sababu aliyeniomba bado ananisumbua kwenye simu kila jioni: "Sista, umefika wapi?" Ombi lenyewe halijaisha, na jambo ambalo halijaisha siliandiki kama limeisha. Mkiona nimeanza kwa kugombana na silabi moja, msishangae. Nimefanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kugombana na watu juu ya silabi.

Anayenisumbua ni Robhi, muuguzi niliyemwachia wodi ya wazazi. Anasema vijana wapya wanamuuliza kwa nini kwenye kitabu chetu cha ripoti sentensi nyingine ina saa, na kwa nini nyingine haina, na amechoka kuwajibu "muulizeni Sista Wegesa" wakati Sista Wegesa yuko Nkende, mjini Tarime, anamwagilia sukuma wiki. Haya basi. Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi; waliovipata wanajua, na waliovikosa wanajua zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Nyarero. Kazi ya kwanza nilipangiwa kituo cha afya upande wa Machochwe, Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi, ambako tembo akiingia shambani mama mjamzito anakimbia kuliko mumewe. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, begi moja mkononi. Mlangoni mwa wodi alisimama mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Huyo ndiye Sista Leokadia, Mhaya wa Bukoba, mkuu wa wodi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Lini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo baada ya "nimekula". Nikasema ukweli, jana mchana.

"Basi hujala," akasema. "Jana ulikula. Leo hujala. Ingia ndani kuna uji."

Nilidhani ni utani wa Wahaya. Kumbe nilikuwa nimeshapewa somo la kwanza, na lilikuwa na sukari nyingi.

Ripoti zetu tuliandika kwa Kiingereza, kwenye kaunta buku lenye jalada gumu. Kwa nini Kiingereza, wakati wagonjwa wote wanaongea Kikurya, Kiikoma na Kinata, na sisi wenyewe tunaongea Kiswahili, sikuwahi kupata jibu. Anayetoka zamu anaandika, anayeingia anasoma, basi. Na Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri. Nilijua "has" na "have" zinaendana na "me", na "was" na "did" zinaendana na "li". Nimekula, I have eaten. Nilikula, I ate. Nikaona nimemaliza.

Wiki yangu ya pili alilazwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu, na inahesabiwa kwa saa. Ukiiwahisha mno, mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Nilimchoma, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa "Magnesium has been given", nikaenda chumbani kwangu kupika. Tonge la kwanza la ugali halijafika mdomoni, Leokadia yuko mlangoni, jua la mchana linamchoma utosini.

"Lini?"

"Shikamoo, Sista. Lini nini?"

"Imeshatolewa, nimesoma. Lini? Muuguzi wa zamu ameshika sindano mkononi hajui achome au asubiri. Wewe umeandika 'has', umeridhika, umekuja kula."

Tulirudi wote wodini, mimi nikiwa na unga kwenye vidole. Njiani ndipo aliponifundisha. "Sikiliza, Wegesa. Has haitaki saa. Ukiiandika, kalamu yako inapumzika. Was inataka saa. Ukiandika 'was given' mkono wenyewe utaanza kutafuta, lini, lini. Kwa hiyo kilichokwisha kiandike kwa was, kifungwe na saa yake. Kisichokwisha kiandike kwa has, kibaki wazi ili mwenzako ajue anaingia nacho."

Vitabu vya sarufi nilikuja kuvisoma baadaye, na vinasema karibu hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi na bila ugali kupoa.

Hata hivyo nilikosea sana. Kosa letu kubwa sisi watu wa Kiswahili ni kuandika "has died at ten". Ni kwa sababu tunasema "amefariki saa nne", na kwetu ni sahihi, maana tunaposema bado tunaumia. Leokadia alikuwa anakata "has" kwa mstari mmoja, hafuti, anatia sahihi pembeni. "Ukishataja saa, 'died'," alisema. Halafu siku moja aliongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi silipendi hilo neno. Lakini saa ikishatajwa hakuna namna."

Na kuna habari ya mzee mmoja mchimbaji, mtu wa Shinyanga, alikuja kuchimba dhahabu akavunjika mguu. Wodi ya wanaume ilikuwa jirani nasi na ripoti zao tulikuwa tunasaidiana. Niliandika "Patient has gone for X-ray." Daktari akamtafuta mchana kutwa. Akatuma mtu barabarani. Mzee wa watu alikuwa kitandani kwake amejifunika shuka gubigubi, amerudi tangu saa tano. "Has been," akasema Leokadia akinirudishia kitabu. "Huyu ameenda na amerudi. Uliyemwandika wewe bado yuko njiani mpaka leo." Yule mzee alipoondoka alituaga akasema safari hii anaenda kweli, tuandike vizuri.

Leokadia alistaafu akarudi Bukoba. Aliniachia kile kipembe cha mbao tunachowekea sikio kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Chake kilikuwa kimelainika kwa mikono mpaka kinang'aa. Hakunipa hotuba. Alisema, "Mimi nimeshakula, Wegesa," akacheka peke yake, akapanda gari. Nililia siku mbili na sioni aibu kuliandika.

Nikabaki mimi ndiye wa "lini". Wauguzi walikuja wakaenda, nikawachosha wote. Wale waliosomea upande wa Sirari walikuja na Kiingereza chao cha mpakani, kinateleza kweli kweli, lakini nao nikawauliza lini. Ndipo akaja Robhi, msichana mpole, mtu wa maneno machache, kazi yake ya kwanza. Mwezi wa kwanza nilimkatia sentensi zake nusu nzima. Hakunung'unika. Alikuwa na daftari dogo mfukoni, kila nikikata anaandika humo. Nilidhani anaandika malalamiko, kumbe ni masahihisho yangu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Ilikuwa mchana, mvua kubwa. Wanaojua jengo letu wanajua ikinyesha pale juu ya bati hamsikilizani mpaka mpigiane kelele. Aliletwa kwa bodaboda mama kijana, Ghati, mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana yake nyumbani. Mtoto alitoka amepauka na amelegea, mikono inaning'inia. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Robhi akachukua ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, akaanza. Mimi sikuweza kubaki hapo, kwa sababu Ghati alianza kutoka damu nyingi. Nikamgeukia yeye.

Damu ilipotulia nikarudi kwa mtoto. Nikaweka stethoskopu kifuani. Nilichosikia ni bati. Nikahamisha upande wa pili, nikafumba macho, nikasikiliza tena. Bati.

Nikamwambia Robhi, "Acha, mwanangu."

Akaacha. Nikavuta kitabu, nikatazama saa ya ukutani, nikaandika "Baby did not cry", na pembeni, saa saba na dakika arobaini. Kiingereza safi. Kitenzi kimefungwa na saa yake, kama nilivyofundishwa.

"Sista," akasema Robhi, "samahani. Naomba kuuliza kitu cha Kiingereza."

"Saa hii?" Nilikasirika kweli.

"Hapo ni did not au has not?"

Nikageuka nimkaripie. Vidole vyake viwili vilikuwa kwenye kitovu cha mtoto, pale karibu na tumbo.

"Naona kama kuna kitu hapa," akasema.

Nikaweka vidole vyangu kando ya vyake. Kulikuwa na kitu. Kilikuwa kinadunda, polepole, kinachelewa, lakini kinadunda. Sikio langu lilikuwa limesikiliza mvua, vidole vyake vilikuwa vimesikiliza mtoto.

Nataka vijana mlielewe hili. Robhi hakuweza kuniambia "umekosea". Mimi ni rika la mama yake, na nilikuwa bosi wake, na hapa kwetu mtoto hamwambii mama yake amekosea mbele ya mgonjwa. Alitafuta mlango mmoja tu niliokuwa nimeuacha wazi miaka yote, mlango wa kuulizwa habari za kitenzi, akapita hapo.

"Has not," nikasema. Alikuwa ameshaweka ambu kwenye uso wa mtoto kabla sijamaliza.

Ghati aliinua kichwa akauliza kwa Kikurya, mbona halii. Robhi ndiye aliyemjibu, hakuacha kupuliza, "Hajalia, mama."

"Hajalia," Ghati akarudia, akalaza kichwa.

Dakika zile sijui nizieleze vipi. Robhi anapuliza, mimi vidole kwenye kitovu namhesabia, mvua inapiga, Ghati pale kitandani anasema lile neno moja, hajalia, hajalia. Kisha kifua kikavuta chenyewe. Mara moja. Tukasubiri. Mara ya pili. Ikatoka sauti nyembamba kama bawaba ya mlango inayotaka mafuta, ikakatika, ikarudi na nguvu.

Niliketi chini sakafuni. Kitabu alikichukua Robhi. Alikata maneno yangu kwa mstari mmoja, hakufuta, akatia sahihi, akaandika chini yake "Baby cried at 1:52 p.m." Hata katika hali ile hakusahau saa.

Mama na mtoto tuliwapeleka hospitali ya wilaya. Walirudi baada ya wiki mbili, mtoto wa kike, amepewa jina Nyangi, ananyonya vizuri. Watu walitupongeza. Mimi nilikuwa nasubiri.

Kliniki ya watoto ilikuwa kila mwezi. Nyangi alichelewa kukaa. Alichelewa kusimama. Nilikuwa nauliza, "Anakaa?" na Ghati anajibu, "Hajakaa." "Anatembea?" "Hajatembea." Nyumbani kwao walishaanza kusema vingine. Mama mkwe alikuwa anasema hatembei, haongei, huyu ni wa hivyo hivyo, usihangaike naye kliniki, kuna kazi shambani. Ghati hakubishana naye. Alikuwa anamsahihisha tu: hajaongea, mama. Anambeba mgongoni, anatembea zaidi ya saa moja kuja kwetu. Neno lile alilipata siku ile juu ya kitanda changu na hakuliachia.

Akatembea, akiwa amepita miaka miwili. Kuongea, kimya.

Mimi nikawa na swali ambalo sikumuuliza mtu. Nilisema acha, na Robhi akaacha. Ilichukua muda gani? Muda wa kuvuta kitabu, kutazama saa, kuandika maneno manne. Je, ni hapo ndipo maneno ya mtoto yalipopotelea? Daktari wa wilaya alisema huenda ni uchungu wa muda mrefu, huenda ni vingi. Huenda. Nilikuwa naangalia mdomo wa yule mtoto kila mwezi na moyo unaniuma.

Siku moja kliniki nilimwambia Ghati. Nilimwambia yote, stethoskopu, bati, acha, kitabu.

Aliuliza, "Mliacha muda gani?"

"Muda wa kuandika maneno manne. Mpaka Robhi aliponiuliza."

Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Nilijua sitamwona tena na nilijua ni haki yake.

Mwezi uliofuata alikuwa wa tatu kwenye foleni. Zamu yake ilipofika aliingia, akamweka Nyangi mapajani mwangu, siyo kwenye kiti. "Hajaongea," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Nikampima mtoto uzito kwa macho yaliyojaa machozi na nikakosea kusoma mizani mara mbili.

Tangu hapo tulisubiri wawili. Nilimfundisha Ghati mambo niliyokuwa nimefundishwa kwenye semina: mtajie kila kitu jina, mwangalie usoni, msubiri ajibu hata kama hajibu. Sikumwahidi kitu. Nyangi alikuwa na macho makali, anaelewa ukimtuma, analeta. Ila mdomo umefungwa. Akafika miaka mitano.

Ikafika siku yangu ya mwisho kazini. Nilipanga iwe siku ya kawaida, nikawakataza keki. Asubuhi niliandika ripoti zangu, akina mama watatu, wote wamejifungua salama, kila mmoja na saa yake. Saa nne hivi nikamwona Ghati anakuja, amebeba mfuko wa unga wa ulezi kichwani, Nyangi anatembea pembeni ameshika kanga yake. Haikuwa siku ya kliniki.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Alishusha mfuko taratibu. "Ameongea," akasema.

Nikamwambia akae. Halafu, Mungu anisamehe, miaka thelathini haitoki mwilini kwa siku moja, nikamuuliza, "Lini?"

Ghati akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Sijui lini. Juzi? Jumatatu? Sikushika siku, Sista. Ameongea tu. Amesema maji."

"Amesema mara ngapi?"

"Nilianza kuhesabu nikaacha. Sasa hanyamazi."

Nyangi alikuwa anatazama ndoo yetu ya maji yenye koki, ile iliyo kwenye kibaraza. Akanitazama mimi. Akaielekeza kwa kidevu, akasema maji, kwa Kikurya, neno zima, mwanzo na mwisho wake. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kidogo. Nilifungua koki nikamjazia kikombe, na mkono wangu ulimwaga mengine sakafuni. Alikunywa yote, akashusha kikombe, akasema tena maji.

Niliingia ndani. Robhi alikuwa anasubiri nimkabidhi zamu, ya mwisho. Najua kitabu cha ripoti cha wodi ya wazazi si mahali pa kuandikia mtoto wa miaka mitano, na ningemwona mwingine anaandika hivyo ningemkata. Nilikaa na kalamu muda mrefu. "Spoke" ilitaka saa, na saa sikuwa nayo, na mama yake hakuwa nayo, na nilipofikiri vizuri sikuitaka. Jambo hili nisingeweza kulifunga. Nikaandika "Child has spoken", nikatia sahihi, nikamsogezea kitabu.

Najua sasa mna mfumo wa kompyuta, na nimeona kuna kisanduku cha kuweka alama, mtoto alilia, ndiyo au hapana. Hakuna kisanduku cha hajalia. Mkifika hapo msiharakishe kubofya. Wekeni kwanza vidole kwenye kitovu.

Robhi alisoma mstari wangu mara mbili. Akatoa lile daftari lake dogo mfukoni, akalirudisha bila kulifungua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista," akasema, "hujaweka saa."

"Ndiyo," nikamjibu. "Sijaweka."